Mvua za wastani ni zipi? Jinsi kompyuta inavyochora masika na vuli, na mahali inapokosea

Kila tunaposoma hewani utabiri wa msimu kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, kuna maneno machache ambayo huleta simu nyingi kuliko mengine yote: mvua za wastani, chini ya wastani, juu ya wastani. Msikilizaji anapiga na swali lake ni lile lile: wastani upi? Wa shambani kwangu au wa nani?

Msimu mmoja tuliamua kulijibu swali hilo kwa picha. Tulichukua namba za mvua za mwezi kwa mwezi, tukaziingiza kwenye programu ya takwimu, kisha tukaiagiza itafute mstari wa wimbi unaozifaa namba hizo. Picha ikatoka safi, imepanda na kushuka taratibu kama mgongo wa kilima. Tukaituma kwenye kundi letu la WhatsApp la wasikilizaji.

Haikupita nusu saa, mama mmoja mkulima wa Mkuranga akatuma ujumbe wa sauti: "Wanangu, picha yenu nimeiona, asanteni. Ila naona vuli yangu mmeila. Halafu Februari mnanipa mvua ambayo sijaiona tangu nizaliwe. Nikipanda kwa picha hii, si nitakuwa nawalisha mchwa mbegu?"

Mama alikuwa sahihi, na sisi tulikuwa tumekosea. Programu haikuwa mbovu wala namba hazikuwa za uongo, ila sisi tuliuliza swali vibaya. Katika makala hii tunaeleza kosa lilikuwa wapi, kwa sababu picha za namna hii sasa zinazunguka sana kwenye simu zetu: za mvua, za bei ya mahindi, za malaria. Anayejua zinavyotengenezwa hatapoteza mbegu kwa ajili ya picha nzuri.

Tuanze na namba zenyewe

Hizi ni mvua za Dar es Salaam, wastani wa miaka mingi, kwa milimita. Tumeondoa desimali ili zisomeke kirahisi:

Januari 76
Februari 55
Machi 138
Aprili 254
Mei 198
Juni 43
Julai 26
Agosti 24
Septemba 23
Oktoba 69
Novemba 126
Desemba 118

Jumla ya mwaka ni milimita 1,150. Ukigawa kwa miezi 12 unapata karibu 96 kwa mwezi.

Milimita moja ya mvua ni sawa na lita moja ya maji iliyomwagwa kwenye kila mita moja ya mraba. Kwa hiyo milimita 254 za Aprili ni lita 254 kwa kila mita ya mraba. Ekari moja ina mita za mraba kama 4,047. Ukizidisha, ekari yako inapokea zaidi ya lita milioni moja za maji kwa mwezi huo mmoja. Septemba hupokea chini ya sehemu moja ya kumi ya maji hayo.

Hapa tayari tunaweza kujibu nusu ya swali la wasikilizaji. Katika taarifa zake za msimu, TMA huhesabu mvua kuwa za wastani zikiwa kati ya asilimia 75 na asilimia 125 ya wastani wa muda mrefu wa mahali husika. Chukua vuli ya Dar es Salaam: Oktoba, Novemba na Desemba ukijumlisha unapata 313. Basi vuli "ya wastani" hapo ni yoyote iliyo kati ya milimita 235 na 391. Masika, Machi hadi Mei, jumla ni 590. Masika "ya wastani" ni kati ya milimita 442 na 737. Umeona upana wake. Vuli mbili zinaweza kutofautiana kwa zaidi ya milimita 150 na zote zikaitwa za wastani.

Kwa nini wimbi?

Ukiweka nukta 12 za miezi kwenye karatasi, Januari kushoto na Desemba kulia, utaona zinapanda, zinashuka, zinapanda tena. Mwakani zitarudia njia hiyo hiyo kwa ukaribu. Kitu kinachojirudia hivyo kwa kipindi maalumu, wataalamu hukichora kwa mstari wa wimbi.

Wimbi la hesabu linatambulika kwa mambo matatu tu. La kwanza ni usawa wake wa katikati. Kwa mvua zetu ni ule wastani wa 96. La pili ni kimo chake: linapanda kiasi gani juu ya katikati na kushuka kiasi gani chini. La tatu ni siku ya kilele: linafika juu kabisa lini. Ukijua hayo matatu, mwaka mzima unauchora bila kuangalia namba nyingine.

Hiyo ndiyo faida yake. Badala ya kubeba kichwani orodha ndefu ya namba, unabeba tatu. Na namba hizo zinaweza kulinganishwa: kilele cha kwetu na cha jirani, cha zamani na cha sasa.

Programu inapimaje?

Fikiria fundi cherehani anayekushonea shati bila kukupima vizuri. Anakuvisha, anaona limebana mabegani na limelegea kiunoni. Anaongeza hapa, anapunguza pale, mpaka shati likae. Programu ya takwimu hufanya hivyo kwa wimbi. Inalilaza wimbi juu ya nukta zako, inapima kila nukta iko mbali kiasi gani na mstari, kisha inatafuta kimo na siku ya kilele zitakazofanya umbali wote kwa jumla uwe mdogo kabisa.

Kuna ujanja mmoja katika kupima. Nukta nyingine ziko juu ya mstari na nyingine chini, kwa hiyo ukijumlisha tu umbali, za juu na za chini zitafutana na utadhani hakuna kosa. Ndiyo maana kila umbali huzidishwa kwa wenyewe kwanza. Kosa la milimita 10 linahesabiwa 100; kosa la milimita 90 linahesabiwa 8,100. Hivyo programu inaogopa makosa makubwa kuliko madogo.

Programu moja inayotumiwa sana na wataalamu wa takwimu duniani inaitwa R. Ilianzishwa miaka ya 1990 katika chuo kikuu cha Auckland, Nyuzilandi, na Ross Ihaka na Robert Gentleman. Jina lake ni herufi ya kwanza ya majina yao. Ni ya bure. Lakini kazi hii ya mawimbi haihitaji hata R. Jedwali la hesabu la kwenye simu linatosha, na kikokotoo cha kawaida pia, kama tutakavyoonyesha.

Wimbi moja: kosa letu

Tulipoiagiza programu itafute wimbi moja linalozunguka mara moja kwa mwaka, ilitujibu hivi: kimo ni karibu milimita 61, kilele ni baada ya katikati ya Machi. Yaani mvua inapanda mpaka karibu 156 mwezi Machi, kisha inashuka polepole mpaka 35 mwezi Septemba.

Sasa linganisha na hali halisi:

Februari: wimbi linasema 146, mvua halisi ni 55.
Aprili: wimbi linasema 150, mvua halisi ni 254.
Novemba: wimbi linasema 63, mvua halisi ni 126.

Ndiyo mama wa Mkuranga alichokiona kwa macho tu. Vuli imekatwa nusu. Februari, ambayo Pwani yote inaijua kuwa kiangazi cha jua kali na upepo wa kaskazi, imepewa mvua karibu mara tatu ya inayopata. Mkulima aliyeamini picha ile angepanda mahindi mwanzoni mwa Februari. Mbegu zingeota kwa manyunyu ya siku mbili tatu, halafu jua lingezikausha zikiwa na majani matatu. Kilo za mbegu bora zimekwenda, kibarua wa kulima amelipwa, na masika yakifika huna cha kupanda.

Kwa nini programu ilifanya hivyo? Kwa sababu wimbi moja lina kilele kimoja tu na bonde moja tu. Tuliiomba kilele kimoja, ikatupa kimoja. Ilikuta masika upande mmoja na vuli upande mwingine, ikatafuta mahali pa kati pa kusimama, kama mtu mwenye nyumba mbili anayejenga kibanda katikati ya njia.

Programu yenyewe ilikuwa imetuonya, ila hatukusoma. Chini ya majibu yake huandika alama inayoonyesha wimbi limeeleza kiasi gani cha kupanda na kushuka kwa namba. Alama ya wimbi letu ilikuwa 37 kwa 100. Shuleni hiyo ni kufeli. Sisi tulitazama uzuri wa picha, hatukutazama alama.

Tukaongeza wimbi la pili

Mwaka 1822 Mfaransa Joseph Fourier alichapisha kitabu kuhusu namna joto linavyosafiri. Ndani yake alionyesha jambo ambalo linatumika mpaka leo: umbo linalojirudia, hata likiwa na kona na vilima vingi, linaweza kujengwa kwa kujumlisha mawimbi ya kawaida, moja linalozunguka mara moja, jingine mara mbili, jingine mara tatu, na kuendelea.

Pwani yetu ina misimu miwili ya mvua. Jua la utosi hupita juu yetu mara mbili kwa mwaka: mwanzoni mwa Machi likielekea kaskazini, na mwanzoni mwa Oktoba likirudi kusini. Ukanda wa mawingu ya mvua hulifuata jua kwa kuchelewa kidogo, nasi tunapata masika, kisha vuli. Kwa hiyo ilikuwa lazima tuongeze wimbi linalozunguka mara mbili kwa mwaka.

Programu ilijibu kwamba wimbi hilo la pili lina kimo cha karibu milimita 67, yaani kubwa kuliko lile la kwanza. Vilele vyake viko mwishoni mwa Aprili na mwishoni mwa Oktoba. Mabonde yake mwishoni mwa Januari na mwishoni mwa Julai.

Tazama jinsi yanavyofanya kazi pamoja mwezi Novemba. Katikati ni 96. Wimbi la kwanza linavuta chini kwa 33. Wimbi la pili linanyanyua kwa 59. Jumla: 96 toa 33 ongeza 59 ni 122. Mvua halisi ya Novemba ni 126. Vuli imerudi. Februari nayo imeshuka kutoka 146 hadi 87, na Aprili imepanda hadi 207. Alama sasa ni 83 kwa 100.

Lakini angalia Agosti. Mawimbi mawili yanasema mvua ya Agosti ni kasoro 14. Mvua kasoro! Mvua haiwezi kunyesha kuelekea juu. Programu haijui kuwa hizi ni mvua. Kwake ni namba tu, na namba inaweza kwenda chini ya sifuri. Anayejua kuwa hizi ni mvua ni wewe. Ukiona picha ya mvua, ya bei au ya wagonjwa ambayo mstari wake unazama chini ya sifuri, jua aliyeichora hakukaa akaitazama.

Tuendelee mpaka lini?

Tuliongeza wimbi la tatu, linalozunguka mara tatu kwa mwaka. Agosti ikapanda hadi 24, sawa na halisi. Februari ikawa 49, Aprili 245. Alama ikafika 97 kwa 100.

Mtu atasema: basi ongezeni la nne, la tano, la sita. Tatizo ni kwamba nukta tunazo 12 tu. Ukifika wimbi la sita, mstari utapita juu ya kila nukta bila kukosa hata moja, na alama itakuwa 100. Lakini hapo programu haijajifunza tabia ya mvua. Imekariri. Ni kama mwanafunzi aliyekariri majibu ya mtihani wa mwaka jana: mpe mtihani huo huo anapata zote, badilisha swali moja anakwama.

Njia ya kujua kama umeelewa au umekariri ni hii. Ukiwa na kumbukumbu za miaka 10, ficha miaka miwili. Chora mawimbi kwa miaka minane iliyobaki, kisha yalinganishe na ile miwili uliyoificha. Wimbi unaloongeza likisaidia kwenye miaka iliyofichwa, libakize. Likisaidia kwenye ile minane tu, litupe.

Na idadi ya mawimbi inategemea mahali. Dodoma, Mbeya na Songea hupata mvua za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, kisha ukavu mrefu. Huko wimbi la mara moja kwa mwaka ndilo linalobeba kazi kubwa. Picha iliyochorwa kwa ajili ya Dodoma ikitumwa kwa ndugu yako aliyeko Kisarawe, inampotosha bila kuwa ya uongo.

Jaribu kwa kikokotoo cha simu

Kwa anayependa kuhakikisha mwenyewe, hii hapa njia. Zidisha mvua ya kila mwezi kwa namba ya mwezi huo katika mstari huu, kuanzia Januari hadi Desemba:

0.5, 0.87, 1, 0.87, 0.5, 0, -0.5, -0.87, -1, -0.87, -0.5, 0

Kwa hiyo Januari ni 76 mara 0.5, sawa na 38. Februari ni 55 mara 0.87. Machi ni 138 mara 1. Kuanzia Julai majibu yanakuwa kasoro, kwa hiyo unayatoa. Jumlisha yote 12: utapata karibu 364. Gawa kwa 6: karibu 61. Hicho ndicho kimo cha wimbi la kwanza, kilele chake kikiwa Machi.

Kwa wimbi la pili tumia mstari huu:

0.87, 0.87, 0, -0.87, -0.87, 0, 0.87, 0.87, 0, -0.87, -0.87, 0

Hapa utapata jumla ya kasoro 405 hivi. Gawa kwa 6: kasoro 68. Ile alama ya kasoro ina maana kwamba wimbi liko chini pale mstari ulipoanza, yaani Januari na Februari, na liko juu Aprili na Mei.

Kusema kweli kila wimbi lina mistari miwili, sini na kosini, zile za hesabu za sekondari. Mmoja peke yake hauwezi kusogeza kilele. Iwapo miwili inachanganywa, kilele kinaweza kuangukia siku yoyote ya mwaka. Kwa namba hizi za Dar es Salaam mstari wa kosini unatoa majibu madogo sana, kama 4 na 2, ndiyo maana tumeuacha. Kwa namba za kijiji chako huenda ukawa mkubwa, na hapo ni vizuri kuiachia programu.

Bamvua inatabirika, mvua je?

Wavuvi wa Bagamoyo, Mafia na Kilwa wanajua bamvua na maji mafu. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari inajaa sana na kutoka sana. Katikati yake maji yanalegea. Ratiba ya kujaa na kupwa kwa bahari huchapwa mwaka mzima kabla, kwa saa na dakika, na mvuvi anaitegemea. Ratiba hiyo hutengenezwa kwa hesabu hii hii ya kujumlisha mawimbi. Miaka ya 1870 nchini Uingereza, William Thomson, aliyejulikana baadaye kama Lord Kelvin, alibuni mashine ya magurudumu iliyojumlisha mawimbi ya bahari kabla ya kuwepo kompyuta.

Msikilizaji atauliza: kama bahari inatabirika mwaka mzima, kwa nini mvua haitabiriki? Jibu ni kwamba bahari inavutwa na mwezi na jua, navyo havikawii wala havibadili nia. Mvua inalifuata jua, lakini kuna mengine yanayoisukuma. Bahari ya Hindi ikipata joto upande wetu kuliko upande wa Indonesia, vuli huzidi. El Niño ikitokea katika Bahari ya Pasifiki, vuli yetu mara nyingi huzidi pia. La Niña mara nyingi huipunguza. Mambo haya hayarudi kila baada ya miezi 12, kwa hiyo wimbi la mwaka haliyaoni. Wanaokumbuka vuli ya 1997, ya 2019 na ya 2023, na mafuriko yaliyokumba sehemu nyingi za Afrika Mashariki, wanajua tunachosema. Kwenye karatasi, wimbi la miaka hiyo ni lile lile la kila mwaka.

Na wastani una siri nyingine. Tuseme, kwa mfano tu, Novemba tatu zilileta milimita 20, 60 na 298. Wastani wake ni 126. Lakini hakuna hata Novemba moja iliyopata 126, na aliyelima katika ile ya 20 hakuvuna. Mstari wa wimbi unapita katikati ya miaka ya neema na miaka ya njaa. Haukuambii mwaka huu uko upande gani.

Basi wimbi lina kazi gani?

Linakueleza mazoea ya mwaka. Kujua mazoea ndiko kunakokuwezesha kuona jambo lisilo la kawaida. Mwezi ukiisha, toa mvua ya wimbi kutoka kwenye mvua uliyopima. Kinachobaki ndiyo habari yenyewe. Milimita 100 mwezi Aprili ni upungufu mkubwa. Milimita 100 mwezi Agosti ni ajabu. Namba ni moja, habari ni mbili, na huwezi kuzitofautisha bila wimbi.

Kwa hiyo tumejiwekea utaratibu, nawe tunakushauri uufuate. Wimbi la miaka mingi litumie kupanga mambo ya mbali: aina ya mbegu, lini uwe umemaliza kusafisha shamba, lini utengeneze mifereji. Utabiri wa TMA wa msimu utumie kuamua uelemee mahindi au mtama na mihogo. Utabiri wa siku 10 na ule wa kila siku, pamoja na unyevu wa udongo wako mwenyewe, utumie kuamua siku ya kuweka mbegu ardhini.

Bei ya mahindi nayo huchorwa kwa mawimbi: hushuka wakati wa mavuno, hupanda ghala zinapokauka. Angalia mambo yale yale. Imechorwa kwa miaka mingapi? Ni ya soko gani? Alama yake ni ngapi? Na kumbuka kuwa agizo la kufunga au kufungua mpaka halimo ndani ya wimbi.

Anza kumbukumbu yako

Namba za Dar es Salaam si za shamba lako. Mvua ya Pwani inaweza kunyesha kijiji hiki ikaruka kile. Weka kipima mvua mahali pa wazi, mbali na miti na paa. Kisome kila siku saa 3 asubuhi, uandike milimita kwenye daftari au simu, hata siku ya sifuri. Usiache siku wazi, kwa maana siku isiyoandikwa si sawa na siku isiyo na mvua, na programu haiwezi kukubahatishia. Ukikosa kusoma, andika "sikusoma".

Shirika la Hali ya Hewa Duniani hutumia miaka 30 kuhesabu wastani wa mahali. Usikate tamaa. Miaka mitano ya daftari lako, ikiwekwa pembeni ya namba za kituo cha jirani, itaanza kukuonyesha kama masika yako hutangulia au huchelewa.

Tulimrudia mama yetu wa Mkuranga na picha mpya, yenye vilima viwili, kimoja kirefu na kimoja kifupi, na bonde la Februari mahali pake. Akajibu: "Hapo sasa. Hiyo naijua." Tangu siku hiyo picha yoyote ya msimu huanza kwake na kwa wakulima wengine wawili kabla haijafika kwenye kundi. Nawe ukiwa na daftari la mvua, hata la mwaka mmoja, lipige picha ututumie, utuambie kijiji chako. Tutalisoma hewani katika kipindi cha wakulima.